Rais aliyerudi kwenye mkeka akiwa na miaka 45, na jicho lililobaki ulingoni

Hebu jiweke hapa. Una miaka 45. Tumbo limeanza kukutangulia mlangoni. Nyumbani kuna watoto sita, kazi inakunyima usingizi, na bila miwani mtu akisimama mita chache mbele yako humtambui. Halafu unaamua, kwa hiari yako mwenyewe bila kusukumwa na mtu, kwamba mara tatu kwa wiki Wajapani wawili watakuja kazini kwako wakutupe chini, wakukabe koo, wakupinde mkono hadi ugonge mkeka kusalimu amri.

Na hiyo kazi yako ni urais wa Marekani.

Hii si stori ya kijiweni. Mtu mwenyewe ni Theodore Roosevelt, na usimchanganye na yule wa Vita vya Pili vya Dunia. Yule ni Franklin, binamu yake wa mbali. Huyu wetu alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858 na akatawala kuanzia 1901 hadi 1909. Sisi Wakenya tuna sababu ya kumjua, maana alipotoka madarakani tu alikuja kwetu, na nitafika huko. Lakini kwanza nataka nikuambie habari za huu mwili wake, kwa sababu nina mtu nyumbani ambaye ananifanya nimfikirie sana huyu mzee.

Mtu huyo ni anko wangu. Ana miaka 46. Alipokuwa kijana alifanya karate katika ukumbi wa jamii mtaani kwetu, akafika mkanda wa kahawia, kisha maisha yakaja: watoto, kodi ya nyumba, zamu za usiku. Akaacha. Mwaka jana daktari alimwambia presha imepanda, naye akatoa ile suti nyeupe kwenye sanduku, ikiwa imegeuka rangi ya chai, akarudi. Darasani sasa ni yeye na vijana ambao angeweza kuwa baba yao. Wiki ya tatu akarudi nyumbani akitembea kama amebeba mayai kwapani. Alisema ameteleza bafuni. Sote tulijua.

Basi, turudi kwa Roosevelt.

Utotoni huyu jamaa alikuwa na pumu mbaya. Familia yao ilikuwa na pesa, lakini pesa haikununulii pumzi, na usiku mwingine babake alimpakia kwenye gari la farasi wakazunguka mjini ili tu apate hewa. Baadaye babake alimwambia waziwazi kwamba akili anayo ila mwili hana, na mwili itabidi autengeneze mwenyewe. Kijana akaanza kuinua vyuma.

Kilichompeleka kwenye ndondi kilikuwa aibu. Alikuwa na kama miaka 13 hivi, amepelekwa jimbo la Maine kupumzika baada ya kubanwa na pumu. Ndani ya gari la farasi wakakutana vijana wawili wa rika lake wakaanza kumchokoza. Alipojaribu kupigana aligundua jambo baya kuliko kuchapwa: kila mmoja wao, akiwa peke yake, aliweza kumshika na kumtuliza kama mtoto, bila hata kumuumiza. Yaani hakuwa mtu wa kustahili ngumi. Kama umewahi kudharauliwa namna hiyo, unajua haitoki haraka.

Aliporudi New York akaandikishwa kwa bondia mstaafu, John Long. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba alikuwa mwanafunzi mzito wa kuelewa. Siku moja Long akaandaa mashindano ya vijana wake, Roosevelt akapangiwa wapinzani wawili dhaifu kuliko yeye, akashinda kikombe cha bati chenye thamani ya senti 50. Alikitunza kwa miaka mingi na kujivunia hadi akawachosha watu. Alipofika Chuo Kikuu cha Harvard aliendelea, na 1879 akafika fainali ya uzani mwepesi. Akapigwa. Kwa hiyo usije ukadhani nakupa stori ya bingwa. Huyu hakuwahi kuwa bingwa wa kitu chochote ulingoni.

Hapo hapo Harvard, kabla hajamaliza 1880, daktari wa chuo alimpima akamwambia moyo wake una shida. Atafute kazi ya kukaa kitini, na asipande hata ngazi kwa kukimbia. Roosevelt akasikiliza, akamjibu kwamba maisha ya namna hiyo hayataki, na siri hiyo akaificha. Unaona tabia inavyoanza? Huyu mtu alikuwa hodari wa kuficha maumivu. Shika hilo.

Sitakaa sana kwenye miaka iliyofuata kwa sababu utaipata popote. Tarehe 14 Februari 1884 mamake na mkewe walifariki siku moja, nyumba moja, mke akiwa amejifungua siku mbili tu zilizopita. Akaenda kuficha huzuni yake Dakota kuchunga ng'ombe. Kule, hotelini usiku mmoja, mlevi mwenye bastola mbili akamwita macho manne kwa sababu ya miwani na kumwamuru anunulie watu pombe. Zile ngumi za mzee Long zikatumika kwa mara ya kwanza nje ya ulingo, na mlevi akaamka baadaye bila bastola. Kisha akaoa tena, akawa kamishna wa polisi New York, akaenda vita vya Cuba 1898, akarudi shujaa. Mwaka 1899 akaapishwa kuwa gavana wa New York, umri miaka 40.

Na hapa ndipo stori yangu inaanzia hasa.

Gavana aliona mwili unaanza kulegea. Badala ya kuanza matembezi ya jioni kama wazee wenzake, akamtafuta bingwa wa mieleka wa Marekani wa uzani wa kati, aje mara tatu au nne kwa wiki wakamatane. Mieleka inahitaji mkeka, basi gavana akaagiza mkeka na bili akaipeleka serikalini. Mkaguzi wa hesabu za jimbo akaikataa! Akaeleza kwamba gavana akitaka meza ya biliadi atalipiwa bila shida, maana biliadi ni burudani inayojulikana ya magavana. Mieleka je? Hapana, huo si mchezo wa mtu wa cheo. Ikabidi gavana ajipange mwenyewe. Mimi mkaguzi huyo namwelewa vizuri, kwa sababu nimewasikia majirani zetu wakimwambia anko kitu kilekile kwa maneno mengine. Mtu mzima akinunua sofa anapongezwa. Akinunua suti ya karate anaulizwa kama mambo nyumbani yako sawa.

Bingwa alipoondoka, gavana akapata mtu mwingine, mpiga kasia wa kulipwa, mtu mwenye nguvu kama punda lakini wa mieleka hajui kitu. Sasa hapo kuna jambo ambalo kocha yeyote atakwambia: bingwa anajua kukuangusha bila kukuvunja. Hatari ni watu wawili wasiojua wakikutana na nguvu zao zote. Ilipofika mwisho wa mchana wa pili, mpiga kasia alikuwa na ubavu mmoja umebonyea, naye gavana mbavu zake mbili zilikuwa zimeumia vibaya na bega la kushoto lilikuwa limekaribia kutoka mahali pake hata likawa linalia kama mlango mkavu. Wakakubaliana kwa amani kwamba vita hivyo vimeshindikana. Gavana akarudi kwenye ndondi. Mmoja wa waliokuwa wakija kupimana naye ngumi alikuwa Mike Donovan, bondia mkongwe aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka kumi, na ambaye baadaye aliandika kitabu kizima kuhusu Roosevelt waliyefahamiana naye wakiwa na glavu mkononi.

Septemba 1901 Rais McKinley akapigwa risasi na kufa, na Roosevelt, aliyekuwa makamu wake, akawa rais akiwa na miaka 42. Mpaka leo hakuna aliyewahi kuishika kazi hiyo akiwa mdogo zaidi. Ungedhani mazoezi yangeisha hapo. Wapi! Alicheza fimbo na Jenerali Leonard Wood, wote wamevaa kofia za chuma na bado wakatoka na uvimbe. Alipigana ngumi na wanajeshi vijana waliofanya kazi Ikulu.

Kisha akaja Yamashita.

Yamashita Yoshitsugu alikuwa mmoja wa wanafunzi wa mwanzo wa Kano Jigoro, mwalimu aliyeanzisha judo na chuo cha Kodokan mjini Tokyo. Alifika Marekani 1903, na mwaka uliofuata mkeka ukatandikwa Ikulu kwa ajili yake. Yeye mwenyewe hakuwa kijana, alikuwa anakaribia miaka 40, na alikuwa mfupi mwembamba mbele ya rais mwenye karibu kilo 90. Lakini alimtupa.

Machi 1904 rais aliwaandikia watoto wake kuhusu mazoezi hayo, na ukisoma barua zake unakutana na mtu tofauti kabisa na yule wa kwenye sanamu. Anawaeleza kwamba hana tena umri wala umbo la mtu wa kurushwa juu ya kichwa cha mwenzake na kutua mkekani salama, ingawa Wajapani hawa ni mafundi kiasi kwamba hajaumia. Koo limevimba kidogo kwa kukabwa. Vifundo vya mikono na miguu vina alama. Na anafurahia! Kumbuka huo ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na mwezi mmoja kabla yake Japani na Urusi zilikuwa zimeanza vita, vita ambavyo yeye ndiye angekuja kuvipatanisha 1905 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 1906. Mchana ana ramani za vita hivyo mezani, jioni Mjapani amemkalia kifuani.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi alivyokuwa mwanafunzi. Mtu wa cheo akirudi kujifunza mara nyingi anataka aendelee pale alipoachia, aonyeshe kwamba bado. Kwenye judo Roosevelt hakuwa na pa kuendelea. Alianza sifuri, na alikubali sifuri. Februari 1905 alialika mwanamieleka mkubwa, Grant, apambane na Yamashita mbele yake, na alivyolisimulia pambano hilo kwa mwanawe Kermit unaona amekuwa macho muda wote. Grant alikuwa na nguvu nyingi na alimweka Yamashita chali mara kwa mara. Shida ni kwamba katika mieleka yake, kumweka mtu chali ndio mwisho wa kazi. Kwa Yamashita ndio kazi inaanza. Akiwa chali, ametulia tu, ndani ya dakika moja akamkaba Grant koo, na dakika mbili baadaye akamshika kiwiko kwa namna ambayo angeweza kukivunja. Rais akaelewa kwamba alikuwa anatazama michezo miwili tofauti, mmoja wa kushinda kwa sheria na mwingine wa kummaliza adui. Alivutiwa hadi akashughulika mwenyewe kuhakikisha Yamashita anapata kazi ya kuwafundisha makurutu wa chuo cha wanamaji.

Sasa nikuambie kuhusu jicho.

Katika miaka hiyo hiyo ya Ikulu, siku moja alivaa glavu akapambana na kapteni mmoja kijana wa kikosi cha mizinga. Kijana hakumlegezea, na kwa kweli rais hakutaka kulegezewa, hiyo ilikuwa sheria yake. Ngumi ikapita juu ya mkono wa rais ikatua kwenye jicho la kushoto. Mishipa midogo ya damu ndani ya jicho ikapasuka. Uoni wa jicho hilo ukaanza kufifia na haukurudi tena. Mwishowe likawa kipofu kabisa.

Hapo kuna watu wawili, si mmoja. Rais amepoteza jicho, hiyo ni hasara yake. Lakini yule kapteni? Jaribu kuwa yeye, kijana mwenye kazi yake ya jeshi mbele yake, kisha usikie kwamba umempofusha rais wa nchi. Ungelala? Roosevelt alilijua hilo, basi akanyamaza. Hakumwambia. Alipoandika maisha yake, kitabu kikatoka 1913, aliligusa jambo hilo kwa mistari michache tu, na jina la kapteni hakulitaja. Aliongeza kwamba bahati nzuri lilikuwa la kushoto, maana lingekuwa la kulia asingeweza tena kulenga bunduki, na kwamba tangu siku hiyo aliona ni heri akubali amekuwa mzee na aachane na ndondi.

Soma hiyo tena polepole. Mtu aliyekataa ushauri wa daktari wa Harvard, aliyekataa meza ya biliadi, hapa anakubali. Hakuacha kujitaabisha, ila glavu alizitundika. Na mimi nadhani, haya ni maoni yangu tu, kuna tofauti kati ya mikeka miwili aliyorudia. Kwa Yamashita alikwenda kujifunza kitu. Kwa wale vijana wa jeshi alikuwa bado anajibizana na wale wavulana wawili wa ndani ya gari la farasi, miaka 30 baadaye. Hiyo ya pili ndiyo iliyomgharimu.

Ndiyo maana, ulipofika mwezi wa Aprili 1909, mzungu mwenye miwani aliyeshuka meli Mombasa alikuwa na jicho moja bovu na watu wengi hawakujua. Alikuwa na miaka 50, ametoka madarakani mwezi uliotangulia, yuko na mwanawe Kermit. Alipanda reli ya Uganda na kukaa kwenye benchi mbele kabisa ya injini ili atazame wanyama. Alilala Juja, kwenye shamba la McMillan, ndiyo, huyo huyo ambaye jina lake liko kwenye maktaba ya katikati ya Nairobi unayopita kila siku. Wapagazi walimwita Bwana Mkubwa, na Kermit, kwa sababu ya mavazi yake, Bwana Maridadi. Magazeti yalidai kwamba jina la kweli la mzee lilikuwa Bwana Tumbo.

Sitamsafisha. Yeye na mwanawe waliua wanyama 512 katika safari ile, na alitutazama sisi na ardhi yetu kama wazungu wengi wa wakati wake walivyotutazama, nchi ya wao kuja kukaa na sisi tubebe mizigo. Unaweza kuyashika mambo yote mawili kichwani kwa pamoja. Mimi nayashika.

Yaliyobaki ni mbio za mtu asiyejua kusimama. Oktoba 1912, akiwa kwenye kampeni Milwaukee, alipigwa risasi kifuani. Kurasa za hotuba alizokunja mfukoni na kasha la miwani vikapunguza kasi ya risasi, naye akahutubia zaidi ya saa moja kabla ya kukubali hospitali. Mwaka 1914 alikaribia kufa msituni Brazili kwa homa na kidonda cha mguu. Hakurudi na afya yake tena. Julai 1918 mwanawe mdogo, Quentin, rubani, akaangushwa na Wajerumani Ufaransa. Tarehe 6 Januari 1919 Roosevelt akafa usingizini nyumbani kwake Oyster Bay, miaka 60.

Lakini siri ya jicho ilikuwa imeshatoka. Mwaka 1917 habari kwamba jicho lile limekufa kabisa ilitangazwa, na Dan Moore, ambaye sasa alikuwa ofisa mkubwa jeshini, ndipo akatambua kwamba ngumi ile ilikuwa yake. Zaidi ya miaka 10 alikuwa ameishi bila kujua.

Nilimsimulia anko haya yote jioni moja tukinywa chai. Wewe pengine hujui, lakini mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kuna fomu ya kurudi ambayo imekaa kwenye simu yangu tangu Januari. Nikirudi nitakaa na watoto wa miaka 18. Kwa hiyo nilikuwa namsimulia yeye na nikijisimulia pia. Alisikiliza mpaka mwisho, hakuuliza habari za risasi wala za simba. Aliuliza tu yule kapteni alifanya nini alipojua.

Nikamuuliza na yeye, yule kijana aliyempiga teke la ubavu anajua kwamba ulivunjika?

Akasema ameteleza bafuni. Kisha akaangalia saa, akachukua begi lake kwa mkono wa upande usiouma, akaniambia nifunge mlango asichelewe mazoezi.